Jinsi ya kuidai kaunti majibu kuhusu walimu na mitihani

Maswali ni yale yale. "Shule yetu ina walimu watatu tu, tumshtaki gavana?" "Binti yangu alilipia mtihani wa ufundi na jina halikutoka, nimwone nani?" "Lazima tuwe na wakili?" Nimeyajibu barazani, nimeyajibu ndani ya matatu, na juzi nikayajibu matangani watu wakisubiri chai. Nimechoka kurudia, kwa hivyo haya hapa, hatua kwa hatua.

Wakili humhitaji. Kelele nazo ziweke akiba. Gavana amezoea kuzomewa, na akizomewa anajua la kufanya: anaahidi, anapigiwa makofi, anapanda gari. Asichokizoea yeye na maafisa wake ni karatasi moja yenye swali linalojibiwa kwa nambari, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na mwenyewe akarudi siku ya 22, muda wa kujibu ukiwa umekwisha, kuiulizia.

Kabla ya kuanza

Uwe na vitu hivi:

- Kitambulisho cha kitaifa. Haki ya kupata habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ni ya kila raia.
- Daftari la kazi hii peke yake. Kila ukienda ofisini, andika tarehe, saa, na cheo cha uliyezungumza naye.
- Wenzako watatu hadi watano: mzazi, mwalimu mstaafu, kijana anayejua kompyuta. Anayepanga kuwania kiti cha wadi mwacheni nje. Nitaeleza kwa nini mwishoni.
- Pesa kidogo za saiba, za kuchapisha na kutoa fotokopi.
- Barua pepe inayofunguka. Nimeona majibu yakilala miezi miwili kwenye barua pepe ambayo mwenyewe alisahau nywila yake.
- Kalenda.

Barua ya chifu huhitaji, chama kilichosajiliwa huhitaji, na ruhusa ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, huhitaji. Mtu akikuambia unahitaji kimojawapo ili uulize swali, mwombe akuonyeshe kimeandikwa wapi.

Hatua ya 1: Jua mlango wa kubisha

Hapa ndipo watu tisa kati ya kumi wanapoangukia, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti 47. Katika elimu, kaunti zilipewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya malezi ya watoto. Basi. Walimu wa shule za msingi na sekondari za umma huajiriwa na TSC, tume ya walimu iliyowekwa na Kifungu cha 237 na ambayo haipokei amri kwa gavana. Mitihani ya shule, yaani KPSEA ya Gredi ya 6, KJSEA ya Gredi ya 9 na KCSE ya kumaliza sekondari, ni ya KNEC, baraza la mitihani la kitaifa.

Kwa hiyo shule ya msingi ikiwa na walimu watatu, gavana hana wa kukuongezea. Barua yako iende TSC, ofisi ya kaunti ndogo. KCSE ikivuja, hilo ni la KNEC. Mwalimu mkuu akishikilia cheti cha KCSE kwa sababu ya karo, Sheria ya KNEC ya 2012 inasema cheti kisizuiwe na mtu wala taasisi yoyote, lakini wa kumwendea ni mkurugenzi wa elimu au KNEC yenyewe.

Sasa angalia mtego. Mjini kuna milango mitatu yenye maneno "elimu" na "kaunti", na miwili kati yake haimhusu gavana:

- Mkurugenzi wa elimu wa kaunti ni mtu wa Wizara ya Elimu, Nairobi.
- Mkurugenzi wa TSC wa kaunti ni mtu wa TSC.
- Waziri wa elimu wa kaunti na afisa mkuu wa idara yake ndio watu wa gavana.

Hata kamishna wa kaunti ni wa serikali ya kitaifa. Najua kikundi kilichozunguka muhula mzima na malalamishi ya walimu wa chekechea kwa mkurugenzi wa elimu. Walipokelewa vizuri, wakapewa viti, na hakuna kilichotokea kwa sababu mkurugenzi hakuwa na la kufanya.

Basi, ni nini unachoweza kuiuliza kaunti? Kwanza, walimu wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya chekechea. Usichanganyikiwe na usajili: mwalimu wa chekechea husajiliwa na TSC, lakini anayemwajiri na kumlipa katika kituo cha umma ni kaunti. Pili, wakufunzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti. Tatu, mitihani ya vyuo hivyo. Watahini ni wengine, kama NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), TVET CDACC (baraza la mitaala na mitihani ya ufundi) au KNEC, lakini wa kuhakikisha mwanafunzi amefunzwa, ana vifaa vya kazi ya mikono, amesajiliwa kwa wakati na ada yake imefika ni chuo, na chuo ni cha kaunti. Nne, "mitihani" ya chekechea. Chekechea haina mtihani wa kitaifa. Kituo cha umma kikiwatoza wazazi pesa za karatasi za mtihani wa mtoto wa miaka mitano, kaunti iulizwe nani aliruhusu na pesa zinaingia akaunti gani.

Hatua ya 2: Hesabu mwenyewe kwanza

Usiende ofisini na "walimu ni wachache". Uchache hauna nambari, na afisa atakujibu kwa maneno yale yale: "Tunajitahidi, mama."

Chagua vituo vitano au sita ndani ya wadi moja. Nenda siku ya kawaida katikati ya wiki, si siku ya kufunga wala ya kampeni ya chanjo. Jitambulishe kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo na kituo hicho. Hesabu watoto waliopo, walimu waliopo, vyumba vinavyotumika. Uliza kila mwalimu analipwa na nani: kaunti kwa masharti ya kudumu, kaunti kwa kandarasi, au wazazi. Andika papo hapo.

Kituo kimoja nilichohesabu kilikuwa na chumba kimoja. Ubao uligawanywa kwa mstari wa chaki kutoka juu hadi chini, kushoto PP1, kulia PP2. Mwalimu alikuwa mmoja. Wa kushoto wakiimba, wa kulia waliandika. Kisha akapiga makofi mawili, wakabadilishana. Nilipokuja kuipata orodha ya kaunti, kituo hicho kilikuwa na walimu wawili. Wa pili alikuwa amehamishiwa mjini mwaka uliotangulia, nafasi yake haikujazwa, na hakuna aliyegusa orodha. Bila hesabu yangu ningesoma ile orodha nikasema kituo kiko sawa.

Kwa chuo cha ufundi, hesabu kwa kozi. Ushonaji una wanafunzi wangapi na cherehani ngapi zinazofanya kazi? Useremala una mkufunzi, au fundi wa jirani anaitwa siku za mtihani?

*Tahadhari.* Usipige watoto picha. Usiandike majina ya walimu kwenye karatasi itakayosambazwa. Mwalimu wa kandarasi aliyekuambia ukweli anaweza kukosa kandarasi muhula ujao, na wewe utakuwa umelala nyumbani kwako.

Hatua ya 3: Soma kurasa chache za pesa

Usijaribu kusoma bajeti nzima. Tafuta vitu viwili.

Cha kwanza ni makadirio ya bajeti ya kaunti ya mwaka huu wa fedha, unaoanza tarehe 1 Julai. Nenda moja kwa moja kwenye idara ya elimu, utafute mishahara ya idara hiyo na idadi ya wafanyakazi kama imewekwa.

Cha pili ni ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti. Hutolewa kila robo ya mwaka, na kila kaunti ina sura yake. Kuna jedwali la idara: kilichotengwa, kilichotolewa, kilichotumika. Angalia pia panapoelezwa mishahara iliyolipwa nje ya mfumo wa kompyuta, kwa mkono. Kama kiasi hicho ni kikubwa, andika swali: wanaolipwa kwa mkono ni akina nani, na wako idara gani?

Ukiwa na nguvu ya kusoma zaidi, ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu kaunti yenu ina sehemu ya wafanyakazi. Humo hutajwa mambo kama mishahara kuvuka asilimia 35 ya mapato, kikomo kilichowekwa na kanuni za fedha za kaunti za 2015. Ikumbuke hiyo 35. Itarudi.

Hatua ya 4: Andika barua moja, maswali machache

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Andika Kiswahili bila kuona haya. Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaweza kusema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kuliandika ombi na kumpa nakala.

Mfano wa barua, ubadilishe panapofaa:

> Kwa: Afisa Mkuu, Idara ya Elimu, Serikali ya Kaunti ya ........
>
> KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA KUPATA HABARI YA 2016
>
> Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi ya ......... Naomba habari hizi kuhusu vituo vya umma vya chekechea katika wadi hii:
>
> (a) Orodha ya vituo vyote na idadi ya walimu wa kila kituo kufikia tarehe ........
>
> (b) Kati yao, walioajiriwa kwa masharti ya kudumu ni wangapi, wa kandarasi ni wangapi, na kandarasi zinaisha lini.
>
> (c) Nafasi za walimu wa chekechea zilizotangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti mwaka wa fedha uliopita, na zilizojazwa.
>
> (d) Kiasi kilichotengewa mishahara ya walimu hao mwaka huo, na kiasi kilicholipwa.
>
> Nipewe majibu kwa barua pepe au kwa karatasi.
>
> Jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi, tarehe.

Kwa chuo cha ufundi, weka haya badala yake: waliojiunga kwa kila kozi, waliosajiliwa kwa mtihani na mtahini gani, ada za mtihani zilizopokelewa kutoka kwa wanafunzi, zilizowasilishwa kwa mtahini, na tarehe ya kuwasilishwa, wakufunzi wa kila kozi.

Hilo la tarehe usiliache. Mtoto wa jirani yangu alilipia mtihani wa NITA wa Gredi ya III mkononi mwa mtu, akaandikiwa risiti ya daftari isiyo na nambari. Siku ya mtihani alifika na msumeno wake mpya, jina halipo. Aliambiwa pesa "zilichelewa kufika". Zilichelewa kutoka wapi kwenda wapi? Swali la tarehe mbili ndilo linaloonyesha pesa zililala kwa nani.

*Makosa ninayoyaona kila mara kwenye barua hizi:*

Kuomba "taarifa zote kuhusu elimu". Utajibiwa uende ukasome tovuti.

Kutukana au kutuhumu. Barua ya habari haituhumu mtu; inauliza. Ukiandika "wizi" kwenye aya ya kwanza, umempa afisa sababu ya kuipeleka kwa mwanasheria wa kaunti badala ya kuipeleka kwa karani mwenye orodha.

Kueleza kurasa mbili kwa nini unataka kujua. Sheria haikudai sababu, na sababu yako haipunguzi wala kuongeza haki yako.

Kuomba majina, nambari za vitambulisho na mishahara ya mtu mmoja mmoja. Hapo utagonga ukuta wa faragha. Omba idadi na vituo.

Hatua ya 5: Muhuri

Chapisha nakala mbili. Moja ya kuacha, nyingine ya kurudi nayo. Nenda masijala ya idara au ofisi ya katibu wa kaunti, asubuhi.

Mazungumzo yatakuwa karibu hivi. Kijana wa masijala atasema, "Mama, wacha hapa tu, bosi akirudi tutakupigia." Mjibu kwa upole: "Sawa mwanangu, lakini kwanza nigongee muhuri kwenye nakala yangu, uandike na tarehe." Atasema muhuri uko kwa fulani. Mwambie utamsubiri fulani. Kaa. Mimi huenda na kazi ya kufuma. Sijawahi kufuma zaidi ya saa mbili kabla ya muhuri kupatikana.

Hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Wanachoweza kukutoza ni gharama halisi ya kutoa nakala. Mtu akitaka "ya chai", andika kwenye daftari na umwambie unaandika.

Ukifika nyumbani, piga nakala yenye muhuri picha, uwatumie wenzako wote. Karatasi moja huloa, hutafunwa, huibwa.

Hatua ya 6: Hesabu siku

Kuanzia siku ya kupokelewa, ofisi ina siku 21 za kujibu. Inaweza kuongeza mara moja tu, zisizozidi 14, na ni lazima ikuarifu na kutoa sababu. Kama habari ziko ofisi nyingine, wanatakiwa kulihamisha ombi lako ndani ya siku tano na kukujulisha, si kukuambia "enda kwa wale".

Siku ya 22 bila jibu, sheria inalihesabu ombi lako kuwa limekataliwa. Usikasirike, kunyamaza kwao kumekufungulia mlango wa pili: Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaiita Ombudsman, yenye wito wa "Hata Mnyonge Ana Haki". Una siku 30 za kuomba iupitie uamuzi huo. Peleka nakala yenye muhuri na maelezo ya nusu ukurasa. Tume ina madawati katika baadhi ya vituo vya Huduma, kwa hivyo si lazima ufunge safari ya Nairobi.

Mara nyingi barua ya Ombudsman ikifika kaunti, orodha iliyokuwa "inaandaliwa" hupatikana.

Hatua ya 7: Fuata kalenda ya bajeti, si hasira yako

Hii ndiyo hatua niliyochelewa kuielewa. Miaka miwili mfululizo tulidai walimu mwezi wa kumi, na miaka yote miwili tukaambiwa hakuna bajeti. Walisema kweli. Bajeti ilikuwa imefungwa tangu tarehe 30 Juni.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaweka tarehe hizi:

- Tarehe 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti. Madarasa na karakana huingia hapa.
- Tarehe 28 Februari: mwelekeo wa fedha wa kaunti unapelekwa bungeni. Hapa idara zinagawiwa vikomo vya matumizi. Idara ya elimu ikipewa kikomo kidogo, nafasi za walimu zimekufa kabla ya kuzaliwa.
- Tarehe 30 Aprili: makadirio yanafika bungeni. Mwezi wa tano na wa sita kamati ya bajeti husikiza umma.
- Tarehe 30 Juni: bajeti inatakiwa iwe imepitishwa.

Kwa hiyo barua yako ya habari iende Oktoba au Novemba, upate majibu kabla ya Krismasi, na Januari uwe tayari kuketi mkutano wa maoni ukiwa na nambari. Simama dakika mbili, si kumi: "Wadi yetu ina vituo 14. Kwa hesabu ya kaunti yenyewe, vituo vitano vina mwalimu mmoja wa madarasa mawili. Tunaomba nafasi tano ziingie kwenye bajeti." Wape waandishi wa kumbukumbu nakala iliyoandikwa. Lisiloandikwa kwenye kumbukumbu halikusemwa.

Hapo watakuletea ile asilimia 35: "Tungependa, lakini mishahara imefika kikomo." Usibishane na kikomo. Uliza wafanyakazi wamegawanywa vipi kati ya idara. Kanuni imeweka kikomo cha mishahara yote; haikusema wa kupunguzwa ni mwalimu wa chekechea na wa kuongezwa ni msaidizi wa ofisini. Hilo ni chaguo la watu, na aliyechagua aeleze.

Hatua ya 8: Ombi rasmi kwa bunge la kaunti

Kama habari unazo na bado hakuna hatua, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lililo ndani ya mamlaka yake. Ombi si barua ya malalamishi. Lina sura yake, na karani wa bunge atakupa kanuni za bunge lenu ukimwomba. Kwa kawaida liwe na haya: ninyi ni nani; jambo lenyewe na nambari zake; mlikokwisha kwenda na mlichojibiwa (hapa ndipo muhuri unapolipa); kama jambo liko mahakamani au la; na mwishoni mnataka bunge lifanye nini hasa. Kisha majina, nambari za vitambulisho na sahihi.

Hilo la mwisho litazameni vizuri. "Bunge litusaidie" si ombi. "Kamati ya elimu imwite afisa mkuu aeleze kwa nini nafasi tano zilizotangazwa hazikujazwa, na iripoti kwa bunge" ni ombi.

Sahihi 20 za watu wanaojua walichosaini zinashinda 400 za kukusanywa sokoni. Kamati ikimpigia mmoja simu aseme alidhani ni orodha ya mbegu za ruzuku, mmekwisha. Uliza pia mtajibiwa kwa siku ngapi.

Hatua ya 9: Juu ya kaunti

Wachache hufika hapa. Seneti hupokea maombi ya raia na huwahoji magavana kuhusu ripoti za Mkaguzi Mkuu. Kama kuna harufu ya rushwa, mathalani nafasi zilizouzwa au ada za mitihani zilizoliwa, nenda EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na vielelezo. Kwa haki zilizokiukwa, Kifungu cha 22 cha Katiba kinaruhusu kufungua kesi bila ada ya kuianzisha, na mahakama inaweza kupokea hata karatasi zisizo rasmi. Ukifika hapo, sasa ndiyo tafuta wakili.

Mambo yakikwama

*Wamekataa kugonga muhuri kabisa.* Tuma kwa rejista ya Posta na utunze stakabadhi, kisha tuma barua hiyo hiyo kwa barua pepe ya idara. Siku zihesabu tangu ilipopokelewa.

*Wamejibu "hatuna takwimu".* Waandikie tena, mara hii mkiomba sajili ya mishahara ilivyogawanywa kwa vituo, bila majina. Ofisi inayolipa watu kila mwezi ina orodha ya inaowalipa.

*Majibu yamekuja na hayalingani na hesabu yenu.* Msiwaite waongo. Hiyo ni hazina. Pangeni jedwali la safu tatu, kituo, nambari ya kaunti, nambari yenu, mlipeleke kwa kamati ya elimu ya bunge la kaunti. Tofauti itajisemea.

*Nafasi zilitangazwa, zikajazwa, lakini kimyakimya.* Bodi inatakiwa kutangaza nafasi kwa upana na kutunza rekodi za maombi ya kazi. Omba tangazo lenyewe, tarehe lilipotoka, idadi ya walioomba, walioitwa na walioajiriwa.

*Waliosaini wameanza kujitoa.* Mtu amepigiwa simu na mkubwa. Mruhusu ajitoe kwa amani na ulifute jina lake kabla hamjawasilisha. Jina la kulazimishwa ni baya kuliko pengo.

*Mtihani ni wiki ijayo na jina halipo.* Hapa usingoje siku 21. Nenda kwa mkuu wa chuo na risiti, akuandikie siku hiyo hiyo kama umesajiliwa au la, kisha umwone mtahini mwenyewe. Barua ya habari itafuata baadaye, ya kujua pesa zilikwenda wapi.

*MCA amelichukua jambo lenu na kulifanya lake.* Sasa ndiyo sababu ya kumwacha mwaniaji nje. Mwaniaji akiwa ndani ya kikundi, MCA aliyeko atalizima ombi kwa kuogopa mpinzani. Asipokuwemo, MCA anaweza kulibeba ili aonekane amefanya kazi. Mwache alisome bungeni, avae suti, apigwe picha. Ila ombi liwe na majina yenu, nakala yenye muhuri wa karani ibaki kwenu, na siku ya kamati muwe mmeketi nyuma ya ukumbi na lile jedwali la safu tatu.